Kupuuzwa kwenye dharura: tatizo si ulimi wa daktari, ni kipimo cha pili

Tangu SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya, ichukue nafasi ya mfuko wa zamani wa NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, malalamiko ya hospitalini huku kwetu mwambao yamepata sura mpya. Mtu akirudishwa nyumbani kutoka kitengo cha dharura, kisha hali ikamgeukia usiku, swali la kwanza barazani Amu (mji wa Lamu) au kwenye vibanda vya kahawa Malindi ni kama alikuwa amelipia SHA. La pili ni jina la daktari. Ikifika magharibi sauti zimeshazunguka WhatsApp, mwakilishi wadi ameshatoa kauli, na watu wamegawanyika. Kuna wanaosema hospitali siku hizi hutibu kadi. Kuna wanaosema madaktari wana kiburi na hawana huruma na mtu wa pwani. Kila upande una chembe ya ukweli, na pande zote mbili zimekosea mahali pamoja. Mgonjwa anayelalamika kwamba alipuuzwa, mara nyingi, hakufungiwa mlango. Alipokewa, akaulizwa maswali mawili matatu, akaandikiwa dawa, akaambiwa "huna kitu, nenda ukapumzike, ikizidi rudi." Alichokosa ni kuangaliwa mara ya pili. Ugonjwa wa dharura hutembea saa kwa saa, nasi tunaupiga picha moja tu mlangoni na kuifanya hukumu. Hilo halitatibiwa na kadi wala na uhamisho wa mfanyakazi.

Tuanze na sheria, maana hutajwa sana na kusomwa kidogo. Ibara ya 43(2) ya Katiba ya 2010 inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 7, inafafanua matibabu hayo: ni pamoja na huduma kabla ya kufika hospitali, kuituliza hali ya mgonjwa, na kumpangia safari ya kwenda kwingine ikiwa kituo cha kwanza hakina uwezo. Kituo chenye uwezo kikikataa, faini yaweza kufika shilingi milioni 3. Hakuna mstari unaosema kadi ni sharti, na sheria ya bima ya 2023 ilianzisha mfuko wa peke yake kwa ajili ya dharura na magonjwa sugu. Kwa hiyo ukiwa unavuja damu na ukaambiwa umalize kusajiliwa kwanza, una sheria mkononi. Lakini itazame vizuri sheria hiyo. Inaona mlango uliofungwa. Iliandikwa nchi ikiwa bado inamkumbuka yule aliyegongwa na gari Oktoba 2015, akazungushwa Nairobi ndani ya ambulensi kwa saa 18 akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi. Mtu aliyefunguliwa mlango, akatazamwa dakika tatu na kurudishwa na tembe za maumivu, hakunyimwa kitu kwa macho ya kifungu cha 7. Ndiyo maana watu huenda kwa wakili na ghadhabu ya haki na kurudi mikono mitupu.

Sasa, nini hasa hutokea baina ya mlango na daktari? Kazi ya kwanza ya kitengo cha dharura ni kupanga. Wahudumu huiita triaji: wagonjwa hupangwa kwa uzito wa hali zao, aliyetangulia kufika hana haki zaidi. Mpango mmoja uliobuniwa Afrika Kusini, na kuenea nchi nyingi, hutumia rangi. Nyekundu aonwe papo hapo, rangi ya chungwa ndani ya dakika 10, manjano ndani ya saa 1, kijani ndani ya saa 4. Rangi haitolewi kwa kilio wala kwa sura ya mtu. Hutokana na dalili chache za hatari pamoja na namba: mapigo ya moyo, pumzi kwa dakika, presha, joto, oksijeni, na kama mgonjwa yuko macho au anaitikia akiitwa tu. Uingereza wana hesabu yao ya alama inayotumika sana wodini, na kwa mtu mzima asiye mjamzito, moja tu ya namba hizi yatosha kuita daktari haraka: mapigo kupita 130, pumzi 25 au zaidi, namba ya juu ya presha 90 au chini, oksijeni asilimia 91 au chini. Kwa mtoto namba ni nyingine kabisa. Pumzi 50 kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, tayari ni pumzi za mbio.

Kutokana na hayo, kusubiri si kupuuzwa. Aliyepewa kijani akikaa benchini saa tatu huku aliyekuja baada yake akipitishwa mbele, mfumo umefanya kazi yake, ingawa hakuna aliyemweleza. Na kutoelezwa ni nusu ya uchungu wenyewe; "wewe ni kijani, huenda ukangoja hadi saa nne, ukianza kutapika au kizunguzungu niite" ni sentensi moja ambayo ingezima ugomvi mwingi pale nje. Kupuuzwa kwa kweli huanzia kwingine. Huanzia dirishani, pale usajili unapotangulia kipimo, mtu akatumia dakika 40 kuthibitisha jina lake kabla ya mkono wowote kumgusa. Huendelea kwenye daftari, kwa namba ambazo hazikupimwa. Pumzi ndizo huandikwa kwa uongo kuliko zote, kwa sababu kuzihesabu kunataka dakika nzima na macho kifuani mwa mgonjwa. Ukiona daftari ambalo kila aliyepita ana pumzi 20, jua hakuna aliyehesabiwa. Na huishia benchini, pale ambapo rangi ya saa nane mchana inabaki kuwa rangi ya saa kumi na moja jioni bila mtu kurudi kuangalia.

Chukua mfano mmoja kwa karibu. Mwanamke wa miaka 26 anaingia saa kumi alasiri, tumbo la chini lamuuma upande mmoja, asubuhi alizimia kidogo bafuni. Presha 112 kwa 70. Mapigo 116. Anatembea, anaitikia salamu, amejifunga leso tumboni. Presha ni nzuri, kwa hiyo anaandikiwa dawa ya vidonda vya tumbo na sindano ya maumivu, aende zake. Zisome namba hizo hizo upya. Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu, na kijana mwenye afya aweza kupoteza karibu asilimia 30 ya damu hiyo kabla presha haijaanguka, kwa sababu mishipa hujibana na moyo huongeza kasi kufidia. Presha husema uongo mwanzoni. Mapigo ndiyo husema kweli mapema. Mwanamke wa umri wa kuzaa, maumivu ya tumbo la chini, kuzimia, mapigo zaidi ya 100: hapo lazima ifikiriwe mimba nje ya kizazi hadi ithibitike kwamba siyo, hata kama ameapa kwamba siku zake hazijampita. Kipimo cha mkojo huchukua dakika tano na bei yake ni ya chai na mahamri. Akisema na ncha ya bega pia yamuuma, usifikiri alilalia mkono: damu iliyomwagika tumboni huchokoza kiwambo cha chini ya mapafu, na maumivu husikika begani. Sasa tuseme hakuna lolote kati ya hayo lililofikiriwa, lakini muuguzi amerudi saa kumi na moja na kumpima tena, na mapigo yamefika 128. Hapo hakuna anayehitaji kuwa bingwa ili kushtuka. Kipimo cha pili humwokoa mgonjwa hata mikononi mwa tabibu aliyechoka.

Karibu kila ugonjwa unaotuletea msiba wa namna hii una tabia hiyo ya kujionyesha polepole. Kidole tumbo huanza kwa maumivu yasiyoeleweka karibu na kitovu, na ni baada ya saa kadhaa tu ndipo hushuka upande wa kulia chini. Anayekuja mapema huonekana ana gesi. Kipimo cha umeme wa moyo chapaswa kufanywa ndani ya dakika 10 tangu mwenye maumivu ya kifua afike, lakini cha kwanza chaweza kutoka safi kabisa na moyo unakufa, ndiyo maana hurudiwa. Hata malaria, ugonjwa tunaodhani tunaujua kama njia za mtaani, hupimwa tena ikiwa homa haiondoki na kipimo cha kwanza hakikuonyesha kitu. Udaktari wenyewe umejengwa juu ya kurudia. Tulichokifanya ni kuutoa huo urudiaji kwenye dharura na kumwachia mgonjwa aufanye peke yake nyumbani, bila mashine.

Kuna jambo la lugha ambalo halizungumzwi, labda kwa kuwa sote tunajiaminisha kwamba Kiswahili ni kimoja. Mtu wa Amu au Malindi akisema "chembe cha moyo chaniuma", ameonyesha mahali penye maana kubwa: pale chini ya kifua, katikati, mbavu zinapokutana. Tabibu aliyelelewa mbali na pwani husikia "moyo" na kudhani ni majonzi, au huona mkono uko tumboni na kuandika vidonda vya tumbo. Mahali hapo hapo huuma kwa vidonda, ni kweli. Huuma pia kwa mshtuko wa moyo unaokamata upande wa chini wa moyo, hasa kwa wanawake, wazee na wenye sukari, ambao mara nyingi hawapati yale maumivu ya kifua ya kwenye filamu. Na huuma kwa mwenye mimba au mzazi, yaani aliyejifungua karibuni, ambaye presha imempanda na ini limeanza kuumia. Mzazi huyo akisema kwa Kiamu chake "kitwa chaniwanga na mato yaona kiza", yaani kichwa kinamuuma na macho yanaona giza, ametaja dalili mbili za hatari kwa pumzi moja, na akiandikiwa panadol kwa kuwa "ana maumivu ya kichwa na uchovu", kilichopotea hapo ni tafsiri. Presha ya uzazi yaweza kuanza hata baada ya kujifungua, ndani ya wiki 6, yaani karibu muda ule ule wa arobaini ambao mila zetu humweka mzazi ndani. Ikifika 160 kwa 110 ni dharura, na anayemwangalia mzazi nyumbani yafaa aijue namba hiyo kama anavyoujua uji wa pilipili manga.

Vifaa navyo hupuuza. Kile kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni hupitisha mwanga kwenye ukucha, na piko, hina nyeusi au rangi ya kucha huweza kuuvuruga mwanga huo. Bibi harusi wa juzi aliyebanwa na pumu aweza kutoa namba isiyo yake. Dawa ni kukihamisha kwenye kidole kisichopakwa au ncha ya sikio. Kipo na kisichofutika kwa sabuni: utafiti wa Marekani uliochapishwa 2020 ulionyesha kwamba vifaa hivyo vilikosa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 zaidi ya kwa weupe. Namba 93 kwa mtu anayehema kwa mabega isimtulize yeyote. Mkanda wa presha ukiwa mdogo kwa mkono mnene huipandisha namba juu ya ilivyo. Na weupe wa uso, ambao vitabu vyote hutaja kama dalili ya kupungukiwa na damu, hauonekani kwa aliyejifunika, wala kwa ngozi yetu kwa jumla. Hutazamwa ndani ya kope, viganjani na ulimini, na ukucha hubanwa na kuachiliwa. Damu ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde 3, mwili unabana mishipa. Hayo yote hayahitaji umeme.

Nije kwa wenye vitengo, kwani wana hoja na baadhi ni nzito. Usiku, anayeitwa daktari mara nyingi ni tabibu wa kliniki (clinical officer) mmoja na wauguzi wawili kwa dharura nzima, huku daktari wa zamu yuko chumba cha upasuaji. Wengi wanaofika wana mafua, fungasi na kidonda cha wiki jana, kwa sababu zahanati ya karibu imefungwa saa kumi. Akichunguzwa kila mtu kikamilifu, nyekundu atakufa akisubiri kijani amalizwe. Nchi hii imeona mgomo wa madaktari wa siku 100 kati ya 2016 na 2017, na mwingine wa siku 56 mwaka 2024, na miongoni mwa madai ni uchache wao na malipo, yakiwamo ya wanagenzi (madaktari walio mafunzoni). Siwezi kuibeza hoja hiyo. Mtu aliyeona wagonjwa 60 tangu alfajiri atasikiliza vibaya. Watafiti wa Marekani waliochapisha utafiti wao mwaka 1984 walikuta daktari humkata mgonjwa kauli baada ya wastani wa sekunde 18, na hao hawakuwa kwenye zamu ya usiku. Ila hoja ya uchache inaishia mahali. Inaeleza kwa nini kipimo cha kwanza hufanywa kwa haraka. Haielezi kwa nini cha pili hakifanywi kabisa, maana kurudia mapigo, pumzi na presha hakuhitaji daktari. Muuguzi mmoja hutumia dakika tatu au nne kwa mgonjwa.

Hoja yao dhaifu kuliko zote ni ile isemwayo kwa sauti ya chini kwenye chumba cha chai: kwamba wagonjwa huzidisha, na kwamba anayeweza kulalamika hayuko mahututi. Ya kwanza ina ukweli kidogo na madhara mengi. Wapo wanaozidisha, na wamejifunza kuzidisha pale walipoona anayenyamaza hupitwa. Lakini malezi ya mwambao huu yameelekea upande mwingine kabisa. Tunafundishwa stahamala, mwanamke anayepiga kelele za uchungu huchekwa na rafiki zake, na mvuvi anayesema "nahisi vibaya kidogo" huenda amekaa na maumivu hayo tangu juzi baharini. Ukimpima mtu wa namna hiyo kwa kelele zake, utampa kijani hadi aanguke. Ya pili ni ya uongo kabisa. Mtu anayepungukiwa na damu huongea, hutania, huomba maji, mpaka dakika chache kabla ya kuzimika. Anayezungumza ametuthibitishia kitu kimoja: njia yake ya hewa iko wazi. Na wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Methali nzuri kwa mwenye kulisha, mbaya sana kwa mwenye kupima, kwa sababu yeye kuuliza ndiyo kazi.

Upande wa pili nao una dawa yake dhaifu, na ni ile ipendwayo na wanasiasa: ahamishwe, asimamishwe, afukuzwe. Wapo wanaostahili. Lakini fuata kinachotokea baadaye. Aliyehamishwa anakwenda kukaa kwenye meza ileile isiyo na karatasi ya kurudia vipimo, na aliyechukua nafasi yake amejifunza somo moja: usimrudishe mtu nyumbani kamwe, mpe rufaa. Huo ndio uoga unaojaza ambulensi. Kwa Malindi, yenye barabara ya takriban kilomita 120 hadi Mombasa, rufaa ya uoga hula mafuta na kitanda cha mwingine. Kwa Lamu hula zaidi ya hapo.

Neno "ikizidi rudi" halina uzito mmoja kila mahali. Kwa mtu wa Langoni, mtaa wa Amu, ni mwendo wa miguu, machela mabegani mwa vijana wanne kupitia vichochoro ambavyo gari haliingii. Kwa mtu wa Kizingitini au Siyu, kisiwani Pate, ni boti. Mkondo wa Mkanda, njia ya kutoka Pate kuja Amu, una kina kidogo. Maji yakipwa nahodha huangalia nguzo za mikoko na kusubiri, na hakuna ubingwa wa daktari unaojaza maji. Wa Kiunga yuko mbali zaidi, na bahari ya kusi si ya kuchezewa usiku. Aliyeshindikana Amu huvushwa hadi Mokowe, kisha Hindi, Witu, Garsen, zaidi ya kilomita 200 mpaka Malindi, katika barabara ambayo kwa miaka magari yalisindikizwa na polisi. Hapo ameshavuka mipaka miwili ya kaunti, kutoka Lamu kupitia Tana River hadi Kilifi, na huduma za ambulensi kikatiba ni kazi ya kaunti, kwa hiyo kila safari ni gari moja lililoondoka kwao hadi kesho. Kumwambia mtu wa visiwa "ikizidi rudi" ni kumpa bahati nasibu yenye ratiba ya maji. Anayemruhusu angemwambia mambo matatu: dalili gani hasa, kufikia saa ngapi, na wapi. "Ukizimia tena, au ukitoka damu, au maumivu yasipopungua kufikia saa mbili usiku, njoo hospitali ya Faza, usingoje asubuhi, na nahodha ajue maji yanajaa saa ngapi." Na ikiwa maji yatakuwa yamepwa saa hiyo, jibu la busara ni kumlaza hapo hapo kwenye kitanda cha kuangaliwa saa sita, hata kama anaonekana mzima. Katika hesabu ya Nairobi hiyo ni kupoteza kitanda. Katika hesabu ya Pate ni bei nafuu kuliko boti ya usiku.

Wenzetu wa mbali wamejaribu kuandika haki ya kipimo cha pili. Jimbo la Queensland, Australia, lina utaratibu uitwao Ryan's Rule, uliotokana na kifo cha mtoto Ryan Saunders mwaka 2007: familia ikiona mgonjwa anazidi na hawasikilizwi, humweleza muuguzi, kisha msimamizi, kisha hupiga simu, na muuguzi au daktari mwingine huja kuangalia upya. Uingereza nao walianza Martha's Rule mwaka 2024, baada ya kifo cha Martha Mills, msichana wa miaka 13, mwaka 2021, ambaye wazazi wake walisema mapema kwamba hali imegeuka. Wapo watakaosema hayo ni ya nchi zenye timu za wagonjwa mahututi zinazongoja simu. Ni kweli, na hatuwezi kuyaleta kama yalivyo. Kinachobebeka ni kanuni mbili za ndani yake: kwamba neno la mama, "huyu si yule niliyekuja naye", huandikwa kama kipimo, na kwamba anayeangalia mara ya pili awe mtu mwingine. Kwa hospitali ndogo hiyo yaweza kuwa simu kwa daktari wa zamu wa hospitali kubwa, namba zikisomwa moja baada ya nyingine. Inataka muda wa maongezi na unyenyekevu kidogo.

Kwa mgonjwa na anayemsindikiza, sekunde 18 hizo zina namna ya kutumiwa. Anza na kilichobadilika, usianze na historia: "Ameanza saa saba mchana, asubuhi alikuwa mzima, sasa hawezi kusimama." Taja kama kuna mimba au uwezekano wake. Taja dawa zote pamoja na saa, hata ile sindano ya maumivu ya duka la dawa, kwa sababu hufunika dalili na kumfanya mtu aonekane amepoa. Kisha uliza namba, kwa adabu: presha ngapi, mapigo mangapi, oksijeni ngapi, na atapimwa tena saa ngapi. Swali hilo la mwisho hufanya kazi kuliko ukali wowote, kwa kuwa humlazimu mtu kutaja saa, na saa ikishatajwa unaweza kurudi nayo. Ukiambiwa hakuna kitu, uliza ni jambo gani baya zaidi lililofikiriwa na limeondolewa vipi. Tabibu mzuri hatakasirika. Mara nyingine utamwona anasita, na kusita huko ndiko unakokutafuta. Hujaridhika, mwombe msimamizi wa wauguzi wa zamu, kisha daktari wa zamu. Kurekodi kwa simu huku ukipiga kelele humfanya kila mmoja pale ajilinde, na anayejilinda hakufikirii wewe.

Na ukiamua kulalamika rasmi, jambo la kwanza ni kujua nani aliyekuhudumia. Sisi humwita kila mwenye koti jeupe daktari, na hapo malalamiko mengi hufia. Madaktari na vituo vyenyewe husimamiwa na baraza moja, matabibu wa kliniki na baraza lao, wauguzi na lao; barua dhidi ya "daktari" ambaye kumbe ni tabibu huzunguka mezani kabla ya kurudishwa. Andika jina lililo kwenye beji, tarehe, saa na namba ya mgonjwa. Sheria ya Afya inakupa haki ya kulalamika na malalamiko yachunguzwe, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuziona kumbukumbu zako, kwa hiyo omba nakala ya karatasi ya vipimo mapema. Ikiwa ina mstari mmoja tu kwa saa tano ulizokaa pale, una ushahidi ulio bora kuliko video yoyote, na hauhitaji kumtukana mtu.

Karatasi hiyo hiyo ndiyo ningependa wakuu wa afya wa kaunti zote mbili waanze nayo, kabla ya kununua mashine nyingine ya kuzinduliwa kwa utepe. Ukurasa mmoja, safu sita za namba, mistari ya kila saa, nafasi ya neno la familia, saa ya ukutani inayofanya kazi, na betri za akiba za mashine ya presha, kwa sababu mara nyingine kipimo hakikosekani kwa uzembe, hukosekana kwa betri. Iambatane na mgonjwa akipewa rufaa, na aliye naye ndani ya boti na ndani ya gari aendelee kuijaza. Kwa sasa, mtu aliyetoka Faza alasiri aweza kufikishwa Malindi saa tisa usiku akiwa na barua yenye mstari mmoja wa vipimo, vya saa kumi alasiri. Anayempokea huisoma, huona presha 112 kwa 70, na kumwambia dereva amlaze kwenye benchi la kijani.